Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Kuna methali tumezisema mpaka tumeacha kuzisikia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni mojawapo. Tunaisema mlangoni huku tunacheka, kuku anakimbizwa uani, na watoto wanajua kabisa kwamba leo si siku ya dagaa. Lakini hebu isome tena taratibu. Haisemi kwamba mwenyeji atapona mgeni akishaondoka. Inasema mgeni aje, na kule kuja kwake ndiko kunakomponya mwenyeji. Watoto wa nyumba ile hawangojei makombo. Wanakula kuku yuleyule, siku ileile, pengine kwenye sinia lilelile.

Nimeirudia methali hii kichwani mara nyingi tangu Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipochezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Yale yalikuwa kama jaribio. Ugeni wenyewe ni AFCON 2027, ambayo nchi hizo tatu zilipewa kuiandaa kwa pamoja Septemba 2023. Arusha kumeanzishwa ujenzi wa uwanja mpya wa watazamaji 30,000 hivi. Nairobi wana Talanta. Uganda wana Hoima, mji wa mafuta. Amaan ya Zanzibar ilifumuliwa, ikajengwa upya na kufunguliwa tena Desemba 2023. Na kila panapozinduliwa kitu, neno moja halikosekani kwenye hotuba: urithi. Viwanja hivi, tunaambiwa, ni urithi wa vizazi vijavyo.

Mimi sina ugomvi na viwanja. Napenda mpira kama mtu mwingine yeyote. Ugomvi wangu ni na hilo neno. Kwetu sisi urithi una mrithi, na mrithi ana jina. Mzee akifariki, hakuna ukoo unaotangaza kwamba shamba limeachiwa "jamii" halafu watu wakatawanyika. Kinakaliwa kikao. Anaulizwa nani anapata nini, mpaka wa kipande chake uko wapi, na mjane analala wapi kesho. Urithi usiokuwa na mrithi anayejulikana ni mali iliyoachwa njiani tu, na mali iliyoachwa njiani huchukuliwa na mwenye nguvu.

Ninaandika haya nikiwa Majengo, Mpanda. AFCON haitafika Katavi, hilo sote tunalijua. Mechi tutaziangalia kwenye kibanda umiza, tumebanana, mmoja anauza karanga na mwingine anabishana na mwamuzi ambaye hamsikii. Lakini uwanja wa Arusha ni wetu pia, kwa njia ambayo huwa hatuipigii makofi: unajengwa kwa fedha za Serikali, na ndani ya fedha za Serikali imo kodi ya vocha ya simu anayoinunua dereva bodaboda wa hapa kwetu. Kwa hiyo swali la nani anabaki na nini mgeni akishaondoka linatuhusu hata sisi ambao mgeni hatatuona.

Na jina la kata yetu lenyewe linanichokoza. Majengo. Karibu kila mji wa Afrika Mashariki una Majengo yake. Moshi ipo, Dodoma ipo, Mombasa ipo, Nairobi ipo, kule Pumwani. Neno hilo linakwambia kwamba hapa palijengwa. Halikwambii alijengewa nani.

Sasa, ukiwauliza watu wanaoandaa mashindano makubwa ni kitu gani wanakiogopa, watakujibu: jengo tupu. Wana sababu. Rio de Janeiro, kwa ajili ya Olimpiki ya 2016, ilijengwa kijiji cha wachezaji chenye maghorofa 31 na nyumba zaidi ya 3,600. Mpango ulikuwa zije kuuzwa kwa watu wenye uwezo. Michezo ikaisha, uchumi ukayumba, na kwa miaka kadhaa nyingi zikakaa bila mtu, katika jiji ambalo maelfu wanaishi vilimani kwenye vibanda vilivyobebana. Athens nako, baada ya 2004, baadhi ya viwanja vilivyojengwa kwa michezo ambayo Wagiriki hawaichezi viliota majani. Picha zake zilizunguka dunia nzima kama onyo.

Kwa hiyo jibu ambalo limezoeleka ni hili: panga mapema matumizi ya baadaye. Jengo likitumika, basi deni limelipwa. Linasikika kama jibu la maana. Nami naona halitoshi, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka 1980 Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Lake Placid, Marekani. Wachezaji walilala kwenye kijiji kilichojengwa karibu, mahali panapoitwa Ray Brook. Matumizi ya baadaye yalipangwa vizuri sana, mapema sana, kabla mchezaji wa kwanza hajafika. Kijiji kile kingekuwa gereza la serikali kuu. Kuna watu waliopinga, haikusaidia. Wachezaji walipofungasha virago, wafungwa wakaingia, na mpaka leo ni gereza. Ukitumia kipimo cha "lisikae tupu", basi Ray Brook ni mfano bora kabisa. Halijawahi kukosa wapangaji.

Tusiende mbali hivyo. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, ulijengwa kwa msaada wa China na ukatumika kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Ulikuwa uwanja wa kuipokea Afrika nzima. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi wa Kenya walifanya msako mkubwa, hasa mtaa wa Eastleigh. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, raia na wakimbizi, na waliojazwa Kasarani walizuiliwa humo wakati vitambulisho vyao vikikaguliwa. Ndugu walisimama nje wakisubiri habari. Agosti 2025 palepale pakachezwa fainali ya CHAN, Morocco wakaifunga Madagascar mabao 3-2, na sisi tukashangilia.

Upande wa pili kuna Namboole, Uganda. Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, uwanja ule wa taifa uligeuzwa mahali pa kulaza wagonjwa. Hakuna mchoraji wa ramani aliyeliwaza hilo miaka ya tisini. Jengo lilikuwepo, shida ikaja, likasaidia.

Unaona basi? Kasarani ilitumika. Namboole ilitumika. Ray Brook inatumika. Kutumika si wema wala ubaya. Kisu kilichokatia kitunguu kinaweza kumkata mtu. Ukitaka kujua kama deni limelipwa, usiishie kuuliza jengo linafanya nini sasa. Uliza ni nani aliyekuwa akilini mwa mwenye kuchora wakati karatasi bado nyeupe.

Kwa hili nakupeleka London, kwa sababu ya majiko. Kijiji cha wachezaji cha Olimpiki ya 2012 kilikuwa na nyumba zipatazo 2,800. Wachezaji walipoingia hawakukuta jiko ndani. Walikula bwaloni, hivyo hapakuwa na haja. Lakini nafasi ya jiko ilikuwa imeshatengwa tangu kwenye mchoro. Wageni walipoondoka, mafundi wakaingia, wakafunga majiko, na mtaa ukapewa jina la East Village. Karibu nusu ya nyumba zilitengwa kwa watu wasiomudu bei ya soko. Mimi hilo limenigusa. Katikati ya kelele zote za mashindano, kuna mtu alikaa na penseli akamfikiria mama fulani ambaye hamjui, atakayepika ugali au wali au viazi mahali pale miaka miwili baadaye. Mgeni alilala kwenye nyumba ya mtu. Hiyo ni tofauti na mtu kuja kulala kwenye nyumba iliyoachwa na mgeni.

Lakini usishangilie haraka. Ili bustani ya Olimpiki ipatikane, mtaa wa Clays Lane, nyumba za ushirika walimokuwa wakiishi watu zaidi ya 400, ulivunjwa mwaka 2007. Wale wenye nyumba walihamishwa huku na huku. Jiko lilichorwa, ndiyo, ila kuna watu waliokuwa tayari na jiko mahali palepale na likabomolewa. Kwa hiyo hata mfano mzuri una swali ndani yake: huyo mama wa kwenye mchoro, ni yule aliyekuwepo, au ni mwingine anayependeza zaidi kwenye ripoti?

Athens, ambayo tunapenda kuisimanga kwa majani yake, kwenye nyumba ilifanya jambo ambalo halisimuliwi sana. Kijiji cha wachezaji kilijengwa na shirika la nyumba za wafanyakazi, na baada ya michezo nyumba zaidi ya 2,000 zikagawiwa kwa bahati nasibu kwa familia za wafanyakazi. Maputo nao, baada ya Michezo ya Afrika ya 2011, nyumba za kijiji cha Zimpeto ziliuzwa kwa wananchi. Bahati nasibu na kuuza ni njia mbili tofauti za kumpata mrithi. Moja inasema yeyote kati yenu anaweza kuwa yeye. Nyingine inasema mwenye fedha ndiye. Zote mbili mjengo haukai mtupu. Haki yake si moja.

Niliyasema haya, kwa maneno mafupi zaidi, kwenye kijiwe cha kahawa hapa Majengo, na mzee mmoja ambaye aliwahi kufanya kazi reli akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "wewe unataka mwenye kujenga akuwaze? Hii reli unadhani ilijengwa ili mama yako aende Tabora kusalimia?"

"Hapana, mzee."

"Ilijengwa kwa ajili ya risasi. Risasi zikaisha. Sisi tukapanda."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, maana alikuwa amenipata. Kwa asiyeijua Mpanda: tawi la reli kutoka Kaliua hadi hapa, kilomita 210 hivi, lilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ili kubeba madini ya risasi kutoka mgodini. Mgodi haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa umeshafungwa. Reli ikabaki. Mahindi na mpunga vimesafiri juu yake, wanafunzi wamesafiri, maiti za ndugu zetu zimesafiri. Mji umekua kando ya kitu ambacho hakikuwa cha kwetu.

Mzee angeweza kuendelea. Angeweza kutaja Katumba, hapohapo nje ya mji, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1973 kwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya 1972 Burundi. Yalikuwa makazi ya kupita. Watu wakalima, wakazaa, wakazika. Serikali ilipokubali kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi yale ya zamani, mpango wa kwanza ulikuwa wahame wakatawanywe mikoa mingine. Baadaye mpango huo ukaachwa, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa mwaka 2014. Wengi wako palepale. Kilichojengwa kwa ajili ya kupita kimekuwa nyumbani.

Hii ni hoja nzito, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Inasema: acha kulilia mchoro. Watu wana akili. Mpe binadamu reli ya risasi, atasafirisha mahindi. Mpe uwanja wa AFCON, atapata la kufanya nao. Mitaa yote inayoitwa Majengo ni ushahidi.

Nimekaa na hoja hiyo wiki kadhaa. Naikubali nusu yake. Ni kweli watu wa Mpanda waliigeuza reli. Ni kweli watu wa Katumba waliigeuza kambi. Lakini tazama waligeuza kwa gharama gani na kwa muda gani. Watu wa Katumba waliishi zaidi ya miaka 40 bila kujua kama mwembe walioupanda wataula wao. Na reli iliyochorwa kwa ajili ya mgodi hufuata njia ya kwenda mgodini. Haikuuliza vijiji viko wapi. Aliyekuwa pembeni ya njia hiyo alibaki pembeni.

Kwa hiyo tunapowasifu watu kwa werevu wao wa kugeuza mabaki kuwa maisha, tuwasifu, wanastahili. Ila sifa hiyo ni yao. Isichukuliwe na aliyechora akasema, mnaona, nilijua mtaweza. Aliyenipa suruali kubwa nikaipunguza mwenyewe kwa sindano hawezi kujisifu kwamba alinishonea. Werevu wa mwenye shida haumsamehe mwenye kalamu.

Na kuna jambo la pili, la karatasi, ambalo sisi Watanzania tuna mfano wake nyumbani. Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya, Jamhuri ya Dodoma, Sheikh Amri Abeid ya palepale Arusha. Viwanja hivi vya enzi za chama kimoja ni mali ya CCM. Sehemu nyingi wazee bado wanakumbuka michango na nguvu walizotoa kwenye ujenzi. Wakati ule chama na nchi vilikuwa vinatamkwa kwa pumzi moja, nani angeuliza? Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, pumzi ikagawanyika, viwanja vikabaki upande mmoja, na ubishi kuhusu nani mwenye haki navyo unaibuka kila baada ya muda mpaka leo. Silileti hili ili kushambulia chama. Nalileta kwa sababu linaonyesha jinsi "cha kwetu sote" kinavyogeuka kimyakimya kikawa cha mtu, bila wizi, bila kelele, kwa sababu tu siku ya ujenzi hakuna aliyeandika jina la mrithi.

Sasa turudi Arusha. Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, hauna shida ya kukaa mtupu, maana Simba na Yanga wapo, na Simba na Yanga wakiwepo hata kaburi lingejaa. Arusha haina Simba wala Yanga yake. Watu 30,000 watakwenda kuangalia nini Jumanne ya kawaida ya mwaka 2029? Naitaja Jumanne kwa makusudi. Jumamosi ya fainali kila mtu anaifikiria. Jumanne haina hotuba wala ving'ora. Ni siku ya mtoto wa shule ya sekondari ya kata anayetaka kukimbia kwenye tatani badala ya kokoto. Ni siku ya timu ya wasichana isiyokuwa na mdhamini. Ni siku ya mama lishe aliyekuwa akiuza chakula kwa mafundi wakati wa ujenzi: siku ya mechi anaruhusiwa kuingiza sufuria zake, au uzio umemgeuza mgeni?

Ningependa maswali hayo yaulizwe kwa sauti sasa, kabla ya mgeni hajapiga hodi. Nani anashika funguo siku ya Jumanne? Kiingilio chake ni shilingi ngapi kwa mtu wa mtaani? Viwanja vya mazoezi, ambavyo kila mashindano huvihitaji, vitabaki na shule na mitaa ipi, kwa karatasi ipi? Na fedha za kumwagilia nyasi zitatoka kwenye fungu gani? Nyasi haziishi kwa hotuba. Majibu yakiwepo, yaandikwe na kubandikwa ukutani. Yasipokuwepo, basi tusiite urithi. Tuseme tumejenga ukumbi wa sherehe na tutaona baadaye. Angalau tutakuwa tumesema kweli.

Utaniambia namdai mchoraji mambo mengi mno. Pengine. Lakini mwenyeji mwema wa kwenye methali anafanya hivyohivyo bila kusoma chuo. Kuku anapochinjwa, mama anajua tayari paja ni la mgeni, firigisi ni ya baba, na shingo na miguu ni ya nani kati ya watoto. Hajamsahau mtu hata mmoja, na sufuria bado halijabandikwa jikoni.

Tuna methali nyingine inayomhusu mgeni: siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wa AFCON hawatafika siku hiyo ya tatu. Watacheza, watapiga picha na Kilimanjaro ikiwa nyuma yao, wataondoka, na hakuna ubaya wowote, ndivyo mashindano yalivyo. Jembe litabaki mikononi mwetu: kulipa, kumwagilia, kupaka rangi, kuziba nyufa. Tutalishika kwa miaka 30 au 40. Anayejua kwamba jembe litabaki kwake ana haki ya kuulizwa shamba likatwe wapi, hata kama anaishi Majengo, Mpanda, na mechi ataiangalia kwenye kibanda umiza.